Mwovu ni Kioo cha Shujaa: Tuzisome Upya Tanzia Zetu

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi akitakiwa katika mtihani amweleze mhusika mwovu, aghalabu kalamu yake hukimbilia orodha. Fulani ni katili, ni mnafiki, ni mchochezi, ni mwenye tamaa. Kila sifa huambatishiwa tukio moja la kuithibitisha, alama hutolewa na ukurasa hufungwa. Kisha mwanafunzi yule yule humgeukia shujaa na kumwandalia orodha yake: ni jasiri, ni mzalendo, ni mwenye msimamo thabiti. Orodha hizi mbili hukaa sambamba kama mashamba mawili yaliyotenganishwa kwa ua, wala hatokei mtu wa kuuruka ua huo ili aulize kama udongo wa huku na wa kule si mmoja.

Makala haya yananuia kuuruka ua huo. Nashikilia kwamba katika tanzia iliyokomaa, mhusika mwovu ni kioo. Ndani yake shujaa huonyeshwa uovu ambao tayari umeanza kuota moyoni mwake mwenyewe, nasi wasomaji tunaonyeshwa pamoja naye. Anguko la shujaa kimaadili hutokea pale anapoiona sura iliyomo kiooni, akakataa kwamba ni yake. Kwa mtazamo huu, kumsoma mwovu peke yake na shujaa peke yake ni kuukosa moyo wa tanzia.

Nitaanzia hapa nyumbani Taita Taveta, kwa kisa ambacho kila mkazi wa Voi amekisikia, kisha nielekee kwenye tamthilia na tendi tunazozifundisha, na hatimaye nirudi katika Milima ya Taita, ambako naamini yapo mafundisho ya kale yanayotufaa katika suala hili.

Simba wa Tsavo na hadithi ya adui wa nje

Kabla ya kuitazama tanzia, yafaa tuitazame hadithi ya aina nyingine ili tofauti ibainike. Mwezi Machi 1898, mhandisi John Henry Patterson aliwasili Tsavo, kaskazini mwa Voi, kusimamia ujenzi wa daraja la reli iliyotoka Mombasa kuelekea Ziwa Viktoria. Kwa miezi kadhaa simba wawili madume wasiokuwa na manyoya marefu ya shingoni waliwavamia vibarua usiku na kuwatoa katika mahema yao. Mwezi Desemba mwaka huo huo Patterson aliwaua wote wawili. Mwaka 1907 alichapisha kitabu kuhusu mkasa huo. Ngozi za simba hao, ambazo kwa miaka mingi alizitumia kama mazulia, hatimaye ziliuzwa kwa jumba la makumbusho la Field mjini Chicago, na huko ndiko zilikokaa hadi leo.

Mgawanyo wa dhima katika masimulizi hayo ni mwepesi. Simba ni mwovu, mhandisi ni shujaa, na mwovu akishakufa hadithi imekwisha. Shujaa anatoka porini akiwa mtu yule yule aliyeingia, ila sasa ana ngozi mbili za kujivunia. Hiyo ni hadithi ya usasi. Siibezi, kwani inasisimua na ina nafasi yake katika fasihi ya dunia. Hata hivyo, haimtaki msomaji ajiulize lolote kumhusu shujaa.

Hebu basi tuisome kwa jicho jingine. Patterson mwenyewe alikuja kudai kwamba simba hao waliua watu 135. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliochunguza kemikali zilizosalia katika mifupa na manyoya yao, ulikadiria kwamba waliwala watu wapatao 35. Kwa upande wa pili, kati ya vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India kujenga reli hiyo tangu mwaka 1896, takriban 2,500 walipoteza maisha, na wengi wao hawakuuawa na simba bali na maradhi na ajali. Ikumbukwe pia kwamba katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulikuwa umefyeka ng'ombe na wanyama wa mwituni kote Afrika Mashariki, na kwamba uchunguzi wa fuvu la mmoja wa simba hao umeonyesha jino lililovunjika na kuota usaha. Mwovu wetu, kumbe, alikuwa na njaa na maumivu.

Nani basi alikula watu zaidi pale Tsavo? Mara tu swali hili linapoulizwa, simba habaki kitisho cha usiku peke yake. Anakuwa kioo cha mradi uliokuwa ukila watu mchana kweupe, vifo vikaandikwa katika daftari, na kazi ikaitwa maendeleo. Kitabu cha mwaka 1907 hakikuliuliza swali hilo, na ndiyo sababu kilibaki kuwa hadithi ya usasi. Tanzia huanza pale adui wa nje anapomwonyesha shujaa sura yake mwenyewe.

Kioo cha Cassius

Ni nadra kupata mfano ulio wazi zaidi kuliko ule ambao Mwalimu Julius Nyerere alitupatia kwa Kiswahili mwaka 1963, alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu kuuawa kwa Julius Caesar. Tafsiri hiyo aliisahihisha na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Wengi hudhani kwamba shujaa wa tanzia hiyo ni Caesar kwa kuwa jina lake liko jaladani, lakini Caesar anauawa kabla ya tamthilia kufika mbali. Anayeanguka kimaadili mbele ya macho yetu ni Brutus, naye Cassius ndiye mwovu anayemsukuma.

Shakespeare hakutuachia kazi ya kukisia. Mwanzoni mwa tamthilia, Brutus anakiri kwamba jicho haliwezi kujiona lenyewe, na Cassius anajitolea waziwazi kuwa kioo chake ili amfunulie yale asiyoyajua kujihusu. Sisi wasomaji tunafahamu kwamba Cassius ana husuda na ana njama. Hata hivyo, tusiharakishe kumwandikia orodha ya sifa tukasahau kuuliza ni kitu gani anachokionyesha. Anamwonyesha Brutus hamu ya kuonekana mkubwa mbele ya Roma. Hamu hiyo hakuileta Cassius, aliikuta.

Ushahidi ni ile barua ya kughushi. Cassius anapanga zitupwe dirishani mwa Brutus barua zinazojifanya zimetoka kwa raia. Brutus anapoisoma mojawapo, anakuta maneno yake yamekatika na maana haijakamilika. Ni Brutus mwenyewe anayejaza mapengo na kuamua kwamba Roma inamtaka aue. Mwandiko ni wa Cassius, lakini maana ameitia Brutus. Tena, kabla ya kuisoma barua hiyo, tayari amekwisha kuamua kwamba Caesar lazima afe, ndipo akaanza kutafuta sababu. Anakiri kwamba hana kisa binafsi na mtu huyo, na kwamba hajapata kumwona akitawaliwa na hamaki. Akikosa kosa lililotendwa, anajitungia kosa litakalotendwa siku za usoni. Mtu anayetanguliza hukumu na kuifuatisha ushahidi amekwisha kuanguka, hata kama jambia bado limo alani.

Angalieni pia tukio la ugomvi kambini, baada ya mauaji. Brutus anamkemea Cassius vikali kwa kupokea rushwa, kisha katika ugomvi huo huo analalamika kwamba Cassius alimnyima dhahabu za kuwalipa askari wake. Anasema yeye hawezi kukusanya fedha kwa njia chafu, lakini anazitaka fedha zilizokusanywa na mtu anayemshutumu kwa uchafu. Je, kuna tofauti gani kati ya mkono unaopokea rushwa na mkono unaoomba mgawo wa rushwa hiyo? Kioo kimewekwa mbele ya uso wake, naye anakigombeza kioo.

Usiku huo huo mzuka wa Caesar unamtokea. Brutus anapoutaka ujitambulishe, haujitaji kwa jina la marehemu. Unajitambulisha kuwa ni roho mbaya yake yeye Brutus. Kwa maoni yangu hiki ndicho kilele cha tanzia hiyo, kuliko hata mauaji yenyewe. Mwovu aliyekuwa nje, awe Caesar aliyeogopwa au Cassius aliyelaumiwa, sasa amepewa anwani yake halisi.

Mbinu hiyo hiyo imo katika tamthilia ya Macbeth, ambayo S. S. Mushi aliitafsiri kwa jina la Makbeth mwaka 1968. Mwanzoni tunasikia habari za mtemi wa Cawdor, msaliti aliyemwasi mfalme wake. Mfalme Duncan anaamuru auawe na cheo chake apewe Macbeth kwa ajili ya ushujaa wake vitani. Wanafunzi wengi hulipita tukio hili kama habari ndogo ya kufungulia mchezo. Kumbe shujaa amevishwa joho la msaliti kabla hajatenda kosa lolote, na haupiti muda mrefu kabla joho hilo kumkaa sawasawa. Aidha, mkewe anapomhimiza aue, anamchokoza kwa kumtilia shaka uanaume wake. Baadaye Macbeth anapowatuma watu wamuue rafiki yake Banquo, anawachokoza kwa hoja iyo hiyo ya uanaume. Maneno yaliyomwangusha yamehamia kinywani mwake, naye sasa anawaangushia wengine.

Mwana wa Liyongo na waliomrithi

Huenda msomaji akasema kwamba mifano hii ni ya Ulaya iliyovishwa kanzu. Tuje basi kwetu. Utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 kutokana na masimulizi ya kale ya pwani, unatupa tanzia ambayo sidhani tumeisoma kwa ukamilifu. Sultani wa Pate anaihofia nguvu ya jamaa yake Liyongo. Akishindwa kumpata kwa vita na kwa kifungo, anamshawishi mwana wa Liyongo amwulize babake siri ya kifo chake, na kumwahidi ndoa na utukufu. Mwana anarudi na jibu kwamba ni sindano ya shaba kitovuni. Anamchoma babake akiwa usingizini. Liyongo anaamka, anachukua upinde na mishale, anapiga goti karibu na kisima na kufia hapo, na kwa siku kadhaa watu hawathubutu kuteka maji kwa kudhani yu hai.

Madarasani humwita mwana huyo msaliti, kisha tunaendelea na safari. Ninapendekeza tusimame. Kama tanzia ni anguko la kimaadili, basi anayeanguka katika utendi huu ni huyo kijana. Liyongo anakufa akiwa mkubwa vile vile. Na kioo cha anguko la kijana ni Sultani. Mtawala huyu ni mtu aliyeutazama udugu akauona kuwa kizuizi kati yake na kiti. Anapomwita kijana na kumtajia binti na cheo, hamfundishi jambo geni sana. Anamwonyesha jinsi mtu anavyoweza kumhesabu mzazi kama ngazi. Kijana alipaswa kujiuliza: mtu anayetaka kumwangamiza jamaa yake mwenyewe atanithamini mimi kwa lipi? Jibu lilikuwa usoni mwa Sultani siku zote. Baada ya tendo, wale wale waliomtuma wanamdharau, naye hapati alichoahidiwa. Wanaouchukia ukatili wake wanaisahau mikono yao iliyomkabidhi sindano.

Kithaka wa Mberia aliuendeleza urithi huu katika tamthilia yake Kifo Kisimani ya mwaka 2001. Hapo pia kuna mtawala dhalimu, Bokono, kuna mtetezi wa wanyonge, Mwelusi, kuna kisima, na kuna Gege, nduguye Mwelusi, anayenunuliwa kwa ahadi ya kumwoa binti wa mtawala. Maswali mengi ya mitihani yamemhusu Mwelusi, na hilo si ajabu kwa kuwa yeye ndiye anayebeba ujumbe wa ukombozi. Lakini Mwelusi haanguki kimaadili. Kwa upande wake, tamthilia hii ni ya ukombozi zaidi kuliko tanzia. Tanzia yake imejificha kwa Gege, na asiyemtazama Bokono kama kioo cha Gege ataiona familia moja tu iliyosalitiwa. Akimtazama hivyo, ataona jinsi utawala wa kidhalimu unavyojizalisha upya ndani ya nyumba za wale unaowakandamiza.

Kigogo ya Pauline Kea inatuonyesha mpaka wa hoja yangu. Majoka ni mtawala mwovu, na Kenga, mshauri wake, ni mfano wake mdogo. Mwishoni, mambo yanapoharibika, Kenga anamtupa bwana wake. Je, Majoka ni shujaa wa tanzia? Sidhani. Aristotle alifundisha kwamba shujaa wa tanzia hawi mwema kupindukia wala mwovu kabisa. Ni mtu wa hadhi anayeporomoka kwa kosa au dosari fulani. Majoka tunamkuta akiwa amekwisha kufika chini. Kenga anaakisi uovu wake, lakini haakisi anguko lake, kwa kuwa hatukuonyeshwa kilele alichoangukia. Hivyo basi si kila mwovu anayefanana na mhusika mkuu ni kioo cha tanzia. Sharti pawepo wema uliopotea, na sharti tuushuhudie ukipotea.

Pingamizi mbili

Pingamizi ya kwanza ni kwamba wapo waovu wasioakisi chochote, watu wabaya tu. Iago katika Othello hutajwa mara nyingi. Ni kweli kwamba sababu anazozitoa Iago hazilingani na maafa anayoyaleta. Hata hivyo, tusikilize lugha. Mwanzoni Othello husema kwa utulivu na fahari, ilhali Iago ndiye mwenye mazoea ya kuwalinganisha watu na wanyama. Kadiri sumu inavyopenya, Othello naye huanza kusema kwa taswira zile zile za wanyama, hadi inakuwa vigumu kutambua kinywa cha nani kinanena. Leso iliyopotea haikutosha kumfikisha hapo. Palikuwa na hofu ya siku nyingi ya mgeni asiyeamini kwamba anapendwa kweli, na Iago aliijua njia ya kuifikia.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Ikiwa mwovu ni kioo tu, je, hatumwondolei lawama? Je, Sultani wa Pate si mwuaji kwa sababu tu kijana alikuwa na tamaa? Hapana. Kioo katika fasihi ni mtu kamili, anawajibika kwa matendo yake. Tunachofanya ni kuongeza hatia, wala hatuipunguzi. Sultani ana yake, kijana ana yake, na wale waliolijua shauri wakanyamaza wana yao. Tunalolikataa ni ile raha ya msomaji ya kumtwika mtu mmoja uovu wote, kisha akafunga kitabu akiwa safi.

Kutasa: fundisho la Milima ya Taita

Nimesema nitarudi nyumbani. Wataita, ambao hujiita Wadawida, walikuwa na ibada inayoitwa kutasa. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyefanya utafiti katika Milima ya Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliieleza kwa kirefu katika kitabu alichokichapisha mwaka 1978. Msingi wake ni huu: hasira iliyofichwa moyoni ina nguvu ya kudhuru, hata kama mwenye nayo hajanyanyua mkono. Yaweza kuwadhuru watoto, mifugo na jamaa wa karibu. Kwa hiyo balaa lilipoingia nyumbani, swali halikuishia kwa adui wa ng'ambo ya mto. Watu waliulizana: ni moyo wa nani ulio na hasira? Huenda ni wa mzee wa ukoo, huenda ni wa jirani, huenda ni wako. Mwenye hasira akijulikana, alichukua maji au pombe ya miwa mdomoni, akayapuliza nje huku akitamka maneno ya kuiachilia hasira hiyo na kuomba heri. Uovu ulitajwa kwa sauti, ukatemwa mbele ya watu.

Siandiki haya ili kuhubiri dini ya kale. Wengi wetu leo ni Wakristo na Waislamu. Ninaandika kwa sababu humo mna nadharia ya tanzia ambayo haikutoka Ugiriki. Anayetasa amekubali kwamba balaa analoliona nje lina mzizi ndani, na kwamba mzizi huo waweza kung'olewa ukitajwa. Shujaa wa tanzia ni mtu aliyeinyima nafsi yake nafasi ya kutasa. Brutus aliificha hamu yake ya ukuu chini ya neno Roma. Mwana wa Liyongo aliificha tamaa yake chini ya swali la upole kwa babake. Mtemi mpya wa Cawdor aliomba giza lifunike matakwa yake. Kila mmoja alikuwa na mtu mbele yake aliyembebea sura yake halisi, na kila mmoja akalimeza lililopaswa kutemwa.

Wahenga wa pwani nao walilisema kwa njia yao: kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii hutumiwa mno kumshuku rafiki na jirani. Mimi huielewa pia kwa maana iliyo karibu zaidi na mwili. Ndani ya nguo zangu aliye karibu kuliko wote ni mimi.

Kwa nini jambo hili lina uzito

Wapo watakaoona kwamba huu ni mjadala wa wasomi. Siafiki. Namna tunavyowafundisha vijana kuwasoma waovu vitabuni ndiyo namna watakavyowasoma watu maishani. Kati ya mwisho wa mwaka 2007 na mwanzo wa mwaka 2008, zaidi ya Wakenya 1,100 waliuawa katika ghasia zilizofuata uchaguzi. Waliowashambulia majirani zao walikuwa wamesimuliwa hadithi ya usasi: mwovu yuko kule, ni wa kabila lile, akiondolewa amani itarudi. Kila upande ulikuwa na simba wake wa Tsavo. Waliosimuliwa hadithi hiyo walipita katika shule zetu. Walijifunza kuorodhesha sifa za mwovu, na wengi walipata alama nzuri.

Sidai kwamba tamthilia ingeyazuia maafa hayo. Nadai tu kwamba mtu aliyezoeshwa kuuliza, kila anapomwona mwovu, ni nini chake mwenyewe kinachoonekana pale, ana kizuizi kimoja zaidi kabla ya kunyanyua panga. Kizuizi hicho twaweza kumpa darasani, kwa vitabu tulivyo navyo, bila gharama ya ziada.

Hitimisho

Napendekeza kwa walimu na wanafunzi wenzangu wa Kiswahili, kuanzia Voi, Mwatate na Wundanyi hadi Taveta na kwingineko, kwamba tusiitupe orodha ya sifa, kwa kuwa ina manufaa yake kwa anayeanza. Lakini tuiongezee maswali matatu tunapofundisha tanzia yoyote. Kwanza, mwovu anatenda lipi ambalo shujaa amekwisha kulifikiri kabla ya kusukumwa? Pili, kuelekea mwisho wa kazi, maneno ya nani yanasikika kinywani mwa shujaa? Tatu, ni wakati gani shujaa alipewa nafasi ya kujiona, na alifanya nini na nafasi hiyo?

Maswali haya yanaweza kujibiwa kwa ushahidi kutoka matini, hivyo hata mtahini mkali hatakosa pa kuweka alama. Yanamfaa mwanafunzi wa kidato cha tatu kama yanavyomfaa mwandishi wa tasnifu. Watunzi wa mitihani nao wajaribu, japo mara moja, kuuliza swali linalomtaka mtahiniwa aeleze Gege na Bokono wanaakisiana vipi, badala ya kumtaka ataje sifa tano za kila mmoja. Wenye maoni tofauti wasisite kuyaleta katika jarida hili, kwani hoja hujengwa kwa hoja, na Kiswahili kina nafasi ya kutosha kwa mjadala huu.